Katambuga Mlangoni

Katika kampuni ile ya kununua pamba, pale Igogo, hakuna aliyeingia chumba cha kompyuta na viatu miguuni. Mkurugenzi alivua. Mhasibu alivua. Hata padri aliyekuja kuibariki mitambo alisimama mlangoni kwa mguu mmoja akihangaika na kamba za kiatu, huku katekista amemshikia maji ya baraka. Vumbi, ilisemekana, huua kompyuta, nazo zilikuwa chache, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Kwa hiyo nje ya mlango palikuwa na rafu ya mbao, na ukiitazama rafu hiyo ungejua cheo cha kila aliyemo ndani kabla hujamwona uso.

Paulo Kashindye aliisoma rafu hiyo kuliko wote. Alijua kisigino kilichobadilishwa, soli iliyogundishwa mara ya pili, kiatu cha mtu anayetembea akiegemea upande. Alijua kwa sababu viatu ndivyo vilivyomlea. Lakini hilo hakumwambia mtu.

Alikuwa mtoto wa fundi wa katambuga wa Misungwi. Asiyezijua katambuga na awaulize wachunga ng'ombe wa Usukumani: ni viatu vinavyokatwa kwenye tairi la lori, vikafungwa kwa mikanda ya mpira uleule na misumari mifupi, na mwenye kuvivaa husahau habari ya miiba. Mzee Kashindye alikuwa amewavisha nusu ya wilaya akiwa ameketi kwenye kibanda chake cha bati pale sokoni. Paulo alipomaliza kidato cha nne na kupata matokeo yasiyompeleka popote, alivuta gogo akaketi kando ya baba yake, akashika kisu. Kisu hicho huchovywa kwenye maji kila mara, la sivyo mpira hukishika, nacho kikishikwa kisha kikaachiwa ghafla, kidole gumba ndicho kinacholipa. Gumba la kushoto la Paulo lilikuwa limelipa mara nyingi. Kila fundi ana alama yake, na ya Mzee Kashindye ilikuwa mikato miwili iliyopishana kwenye kisigino. Siku aliyomruhusu mwanawe kuiweka alama hiyo kwa mkono wake mwenyewe, mama alipika kuku.

Halafu biashara ikafunguliwa, kama walivyosema redioni, na kitu cha kwanza kuingia Misungwi kupitia mlango huo uliofunguliwa kilikuwa viatu vya mitumba. Vilimwagwa chini kwenye maturubai, rundo kwa rundo. Watu waliokuwa wakiapa kwamba wangezikwa na katambuga zao sasa walikuwa wakipita mbele ya kibanda wakichechemea ndani ya kafa-ulaya zenye ncha, vidole vimebanwa, nyuso zimejaa furaha. Mzee Kashindye aliwatazama msimu mmoja mzima. Kisha akafuta kisu chake.

"Huku kunafungwa," akamwambia mwanawe. "Mimi nitamalizana na wachungaji wangu. Wewe una kichwa. Nasikia mjini wanafundisha ile mashine."

Akauza fahali wake, yule mwekundu aliyevuta jembe, na Paulo akaenda Mwanza kujifunza kompyuta. Alipanga chumba Mabatini. Alijifunza kwa hamu ya mtu anayejua kwamba kuna ng'ombe amekufa kwa ajili yake. Na vidole vyake, vilivyozoea kufuata mstari wa chaki kwenye tairi bila kutetemeka, vilivizoea vitufe vya kompyuta upesi kuliko vya wenzake. Mwaka wa tisini na sita kampuni ya pamba ikamwajiri kuingiza hesabu za mizani.

Mkubwa wa chumba alikuwa Bi. Prudencia, Mhaya wa Bukoba, mama msomi, mkali kwa vumbi na mpole kwa watu. Siku za mwanzo aliulizia kovu la gumba la Paulo. Paulo akasema aliangukia bati.

"Na mzee wako, anashughulika na nini?"

"Biashara ya viatu, mama."

"Oho! Duka?"

"Ndiyo. Misungwi."

Ukiupima kwa mizani, huo haukuwa mkubwa kama uongo mwingine tunaousikia. Biashara ilikuwepo, viatu vilikuwepo, Misungwi ipo hadi leo. Kilichoongezwa ni duka. Lakini uongo mdogo hudai ulishwe kila siku, na Paulo akawa mlishaji mzuri. Bi. Prudencia akitania kwamba siku moja atakwenda kuchagua viatu kwa bei ya jamaa, Paulo alisema karibu sana.

Siku moja mkulima wa pamba alikuja kulalamikia mizani, akavua katambuga zake mlangoni kama alivyoelekezwa. Karani mmoja alitoka, akaziona, akapaza sauti: "Jamani, nani ameegesha lori hapa?" Chumba kizima kikacheka. Paulo alicheka kuliko wote. Baadaye, alipotoka, aliinama akijifanya anafunga kamba, akaona kwenye visigino vya katambuga zile mikato miwili iliyopishana. Hakujua kama ni mkono wa baba yake au wake mwenyewe. Tangu siku hiyo kila alipopita kwenye rafu ile alisikia sauti ya yule karani.

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Paulo hakuwa amekataa kwao, kama angeulizwa. Kila mwezi alikwenda Misungwi, alipeleka sukari, alimsalimia kila mtu. Alichotaka ni kwao kubaki kulekule Misungwi, basi.

Mzee Kashindye hakujua kama kuna mpaka wa namna hiyo. Msimu wa kununua pamba ulipopamba moto, siku moja mchana, alipanda basi bila kumwarifu mtu, akaja Igogo, akamsalimia mlinzi wa getini aliyeitwa Antoni, mzee mwenzake kutoka Sengerema, ambaye pia ndiye aliyekuwa akifagia. Antoni akampandisha ghorofani mwenyewe. Paulo hakuwepo. Alikuwa ametumwa chini kwenye ghala kuchukua stakabadhi za mizani.

Alipopanda ngazi na kufika kwenye rafu, hakuhitaji kuambiwa. Zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye ubao wa juu, kando ya viatu vyeusi vya Bi. Prudencia: katambuga pana, ya kushoto imelika upande wa nje, maana baba yake hutembea akiegemea upande huo tangu alipopigwa teke na ng'ombe. Moyo wa Paulo uliruka kwa furaha. Ndiyo, lazima isemwe, furaha ndiyo iliyotangulia.

Kisha akasikia sauti nyuma yake ngazini. Mkurugenzi alikuwa anapanda na wageni, wanunuzi wa pamba kutoka ng'ambo na bwana mmoja wa Dar es Salaam mwenye suti. Jamani, nani ameegesha lori hapa? Hakuna aliyesema maneno hayo, lakini Paulo aliyasikia. Chini ya rafu palikuwa na boksi la karatasi mbovu za printa. Mkono wake ulizichukua katambuga, ukazizamisha ndani ya boksi, ukavuta karatasi juu yake. Kwa muda mfupi tu, alijiambia, wageni wapite. Kisha akavua viatu vyake akaingia.

Baba yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, ameikaza miguu kwenye zulia ili kiti kisimzungushe, mikono kwenye magoti, hagusi kitu. Mapajani alikuwa na karatasi ambayo Bi. Prudencia alimchapia jina lake kwa herufi kubwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, ng'wanawane." Mzee akatabasamu, akaielekezea kompyuta kidevu. "Nimekuja kumwona fahali wetu. Kumbe ndiye huyu! Amenenepa."

Bi. Prudencia akacheka hadi akafuta macho. Hapo ndipo mkurugenzi akaingia na wageni wake, wote na soksi, akamwona mzee asiye na soksi.

"Na huyu mzee?" akauliza.

Alimuuliza Paulo. Jibu lilikuwa maneno matatu, na mtoto wa chekechea anayajua. Paulo akafungua mdomo, akamwona bwana wa suti akiitazama miguu ya baba yake, iliyopasuka visigino, yenye vidole vilivyotawanyika.

"Ni mzazi wa Paulo, bosi," akasema Bi. Prudencia. "Mfanyabiashara wa viatu, Misungwi."

Mzee Kashindye aliinua macho, akamtazama mwanawe. Hakutazama kwa muda mrefu. Kisha akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndiyo, mkubwa. Ni viatu."

Paulo akaketi, akaanza kuwaonyesha wageni jinsi kilo za kila kituo zinavyojijumlisha zenyewe. Vidole vilifanya kazi vizuri. Kupitia kioo cha mlango alimwona Antoni akija na ufagio, kama kila siku mchana, akainama, akalibeba lile boksi. Alijua linakwenda wapi. Linakwenda nyuma, kwenye pipa la kuchomea karatasi. Angeweza kunyanyuka. Angeweza kuita. Lakini kuita ni kueleza, na bwana wa suti alikuwa anauliza kuhusu kituo cha Kigongo. Paulo akamjibu kuhusu kituo cha Kigongo.

Aliyeisikia harufu kwanza ni mzee. Aliinua pua.

"Kuna tairi linaungua," akasema.

Hakuna aliyemjali. Kisha moshi mweusi, mzito, ukapita dirishani, na mkurugenzi akaruka. Tairi! Kwenye yadi ya pamba! Wote wakatoka mbio na soksi zao, wakashuka ngazi, wakazunguka nyuma, na mzee asiye na soksi akawafuata. Moto haukuwa umetoka nje ya pipa. Antoni alikuwa anamwagia mchanga akikohoa, na kwa kijiti alikuwa amefaulu kuvuta katambuga moja, ya kushoto, inafuka moshi ukingoni. Nyingine ilikuwa imekwisha.

"Una wazimu?" Mkurugenzi alifoka. "Pamba ya msimu mzima iko hapo, unachoma tairi? Chukua vitu vyako. Kesho usije."

"Bosi, mimi nimechukua boksi la karatasi, kama siku zote," alisema Antoni. Machozi ya moshi yalikuwa yakimtiririka. "Sikujua kama kuna kitu ndani. Naapa."

"Katambuga zilipanda zenyewe kwenye boksi?"

Hapo ndipo palipokuwa pa Paulo. Wengine waliokuwepo hawakujua, lakini yeye alijua kwamba zamu ni yake, kwamba mzee wa watu anafukuzwa kazi kwa mkono wake. Alisogea hatua moja.

"Samahani, mkubwa," akasema Mzee Kashindye. Alipita mbele, peku, kwenye changarawe. "Ni mimi. Nilikuta viatu vizuri vimejaa kwenye ubao, nikaona vyangu vitavichafua. Nikavitia kwenye boksi. Mambo ya mjini sisi hatuyajui."

Bwana wa suti akawatafsiria wageni, nao wakacheka, si kwa ubaya. Mkurugenzi akashusha pumzi, akacheka pia, akampiga Antoni begani akamwambia siku nyingine aangalie. Mzee naye akacheka pamoja nao, akicheka ushamba wa mzee fulani wa Misungwi asiyejua boksi la takataka. Paulo alisimama pale akaona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Na hata hapo, hakusema.

Bi. Prudencia alitaka kutuma mtu amnunulie mzee malapa. Mzee alikataa kwa adabu, akasema ana fundi wake.

Paulo akamsindikiza stendi. Lami ilikuwa ya moto, na mzee alitembea ukingoni penye mchanga, ile karatasi yenye jina lake ameikunja akaishika mkononi.

"Baba, vaa vyangu."

Mzee akavitazama viatu vya mwanawe, vyenye ncha, vilivyong'aa. "Mguu wangu hauingii humo. Na hivyo si ndivyo vya kuvua mlangoni? Kesho utavua nini?"

Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anatania, alivyomtania tangu utotoni. Paulo aliomba kimoyomoyo atukanwe, azabwe kofi mbele ya makondakta wote, lakini mzee aliuliza tu kama chumba cha Mabatini kinavuja, kisha akapanda basi.

Asubuhi Antoni alimngoja getini na kifurushi cha gazeti. Ndani ilikuwamo katambuga ya kushoto, ameifuta masizi.

"Mpelekee mzee, hata kama ni moja. Na umwambie nashukuru sana. Angenyamaza, mimi leo ningekuwa nyumbani." Akamshika Paulo mkono kwa mikono miwili. "Una baba, kijana."

Paulo akasema ndiyo.

Jioni hiyo alipita gereji akapata kipande cha tairi la lori. Akafunga mlango wa chumba chake na dirisha pia, maana majirani walimwita mtu wa kompyuta, akaketi sakafuni na bakuli la maji. Mkono ulikuwa umesahau. Kisu kiliteleza, kikakwama, kikamla gumba palepale pa zamani. Aliiweka ile katambuga iliyopona juu ya tairi, akaizungushia chaki, akakata. Jioni moja alimaliza kiatu kimoja, akakifunga kwenye gazeti ili mtu asikione. Jioni iliyofuata akaiweka katambuga ileile, akaizungushia chaki, akakata cha pili, akakifunga nacho. Kwenye visigino akaweka mikato miwili iliyopishana. Jumamosi akapanda basi.

Kibandani palikuwa na mchungaji mmoja akingojea mikanda yake ibadilishwe, na wauza mitumba wa jirani. Mzee Kashindye alikuwa amevaa malapa ya mama. Akapokea vifurushi, akavifungua kimoja baada ya kingine, akavipanga chini.

Mchungaji ndiye aliyeanza kucheka. Vyote viwili vilikuwa vya kushoto.

"Nilipimia ile moja iliyobaki," akasema Paulo. "Nikasahau kuigeuza." Kwenye kompyuta ukitaka kingine unanakili, na kinatoka kilekile. Mtoto wa fundi wa katambuga, aliyezaliwa ndani ya vipande vya tairi, alikuwa amesahau kwamba binadamu ana miguu miwili isiyofanana.

Mzee alivigeuza, akatazama visigino. "Alama umeiweka vizuri," akasema.

"Baba, lile boksi..."

"Boksi limeungua."

"Baba, ni mimi niliye..."

"Paulo." Mzee alishusha sauti ili wengine wasisikie. "Najua nilikoviweka viatu vyangu. Niliviweka juu, kando ya vya yule mama. Mama mzuri yule. Nilimsimulia mambo yako yote, jinsi ulivyokuwa unakata hapa, jinsi ulivyojikata gumba. Akasema kumbe ndiyo maana vidole vyako ni vyepesi."

Paulo akavitazama vile viatu viwili. Kwa hiyo Bi. Prudencia alikwisha kujua alipomwambia mkurugenzi habari ya mfanyabiashara wa viatu. Aliusema uongo wa Paulo kwa niaba yake, mbele ya baba yake, ili asiaibike. Na baba yake akauelewa palepale, akauitikia kwa kichwa, kwa sababu hiyohiyo. Kumbe wote wawili walikuwa wanamfunika kitambaa, kama wanavyofunika mashine ili isiingie vumbi. Alitamani ardhi ipasuke.

Mzee akavua malapa. Akaingiza mguu wa kushoto, ukaingia sawasawa. Akaingiza wa kulia kwenye kile cha pili, kidole kidogo kikabaki nje, na mkanda ukapita mshazari. Akasimama.

"Vua, baba. Nitakata upya. Nipe kisu."

"Vya kuvua ni vile vyenu vya huko. Hivi ni vya kuvaa."

Akaenda kisimani na ndoo kuchota maji ya kisu, akarudi, akichechemea kidogo, na kwenye vumbi la soko zilibaki nyayo za mtu mwenye miguu miwili ya kushoto. Wauza mitumba waliacha kuita wateja wakatazama. Mmoja akashindwa kujizuia, akauliza kutoka upande wa pili wa njia.

"Mzee Kashindye! Viatu gani hivyo? Nani amekukatia?"

Mzee akaiweka ndoo chini. Akamnyooshea mkono Paulo pale alipoketi kwenye gogo, na akajibu kwa sauti iliyofika hadi kwenye banda la mwisho.

"Huyu hapa. Mwanangu huyu."

Paulo alivuta bakuli, akatia maji, akachovya kisu. Hakuweza kuinua uso.